Picha Namba Moja

Fundi picha hakupenda kuharakishwa, na asubuhi hiyo Inspekta alikuwa na haraka ya mtu aliyeacha maziwa motoni.

"Nataka kufuli tu," alisema. "Hili hapa, picha ya ishirini na mbili. Likuze mpaka kutu yake ionekane. Saa nane mchana lazima niwe mahakamani."

Fundi picha, mwanamke wa miaka sitini na ushei, alivaa glovu nyeupe za pamba na miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Aliivuta kadi ngumu ambayo Inspekta alikuwa amebandika picha zote mpaka kwenye mwanga wa dirisha, akaikagua kama mama mkwe anayekagua sufuria.

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Saa tatu na robo. Nje, Sajenti wake alikuwa ameegesha gari na kuacha injini ikinguruma.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Jumamosi iliyopita, wafanyakazi wa kiwanda cha kushona sare walimuaga mzee wao wa stoo aliyekuwa anastaafu. Sherehe ilifanyika ukumbi wa kukatia vitambaa, ghorofa ya tatu. Juu ya kila meza Meneja aliweka kamera ya kutupa, vile viboksi vyepesi vilivyovikwa karatasi: unapiga picha ishirini na saba, unapeleka studio, kamera yenyewe huioni tena. Saa nane Baba Pacha, mwendesha lifti ya mizigo, alifungua geti la lifti ili ateremshe viti. Akachungulia chini. Juu ya paa la lifti, ghorofa tatu chini, alilala msimamizi wao, mwanamke waliyemwita Mama Kipimo kwa sababu utepe wa kupimia haukumtoka shingoni hata akienda msibani.

Mtu hapiti kwenye geti lililofungwa kwa kufuli. Kwa hiyo kuna aliyelifungua, na kuna aliyelifunga baadaye. Kati ya kamera sita, ni kamera namba nne tu iliyokuwa ikielekea kwenye geti. Inspekta alifuata namba zilizochapwa pembeni mwa mkanda, moja, mbili, tatu, akapata hadithi iliyonyooka kama rula. Mwanzoni geti liko wazi. Mwishoni limefungwa. Basi Baba Pacha aliliacha wazi kabla ya kutumwa kwa seremala kuchukua zawadi ya mzee. Aliporudi akaona kilichotokea, akalifunga, akafunga na mdomo wake. Tena wiki moja kabla alikuwa amegombana na marehemu mbele ya watu. Inspekta alimtia pingu jioni ile ile kwa ugomvi huo, na Jumatatu picha zikamhakikishia kwamba hakukosea.

"Nani amezipanga hivi?" Fundi picha aliuliza.

"Mimi."

"Umezipanga kinyume, mwanangu."

Inspekta alidhani amesikia vibaya. "Nimefuata namba za mkanda."

"Ndiyo. Ndiyo maana ziko kinyume."

Fundi picha aliinama chini ya kaunta, akaibuka na boksi lililojaa maganda ya kamera za kutupa, matupu kama maganda ya karanga. Alichukua moja, akaibandua kwa bisibisi, akaonyesha kwa ncha.

"Kamera ya kawaida huanza na mkanda ukiwa ndani ya kopo lake. Kila ukipiga, unatoka kidogo. Hii ni tofauti. Huko inakotengenezwa wameshautoa mkanda wote nje, wameuzungushia hapa. Kila ukipiga, unarudi ndani ya kopo. Asiyejua kitu akiifungua kwa papara, picha alizokwisha kupiga zinakuwa zimeshajificha. Kwa hiyo picha ya kwanza inaangukia ishirini na saba. Ya mwisho inaangukia moja."

Mashine ya kusafishia picha ilikuwa ikikoroma nyuma ya pazia.

"Kwa nini hukuniambia Jumatatu?"

"Jumatatu uliniambia nisafishe picha. Hukuniambia kuna mtu kawekwa ndani."

Inspekta alivuta pumzi. "Sitaki maneno, mama. Nataka kuona kwa macho."

Palikuwa na kamera mpya za aina ile ile zimening'inia nyuma ya kaunta. Fundi picha alipasua karatasi ya moja. Inspekta akasimama ukutani, akainua kidole kimoja. Mwanga ukamulika. Vidole viwili. Vitatu. Zilizobaki walizimaliza lenzi ikiwa imezibwa kwa kiganja, bonyeza, zungusha, bonyeza, zungusha, mpaka gurudumu likagoma. Mkanda ukaingia mashineni. Kwa dakika ishirini na tano Inspekta alizunguka ndani ya chumba kile chenye hatua nne, akisoma bei za fremu asizozihitaji.

Mkanda ulipotoka, Fundi picha aliutandaza juu ya meza ya mwanga na kumpa kioo cha kukuzia. Kidole kimoja kilikuwa kwenye ishirini na saba. Viwili, ishirini na sita. Vitatu, ishirini na tano.

Sajenti alikuwa amechoka kusubiri, ameingia. Alielezwa. Alikuna kidevu.

"Kwa hiyo Afande, tumemweka mtu ndani kwa kusoma kitabu kuanzia ukurasa wa mwisho."

"Kazime gari," Inspekta alimwambia. "Unamaliza mafuta."

Alizing'oa picha kutoka kwenye kadi, moja baada ya nyingine, akazipanga upya juu ya kaunta. Sasa kila kitu kilitembea upande wa pili. Picha za mwanzo: geti limefungwa, kufuli linaonekana, watu wanapuliza maputo, meza ya mzee haina keki. Alikuwa amedhani keki imeshaliwa. Kumbe haijaletwa. Kisha keki inatokea, nzima, haijaguswa. Kisha geti liko wazi, lifti imesimama pale pale juu, kreti za soda zimepangwa pembeni. Na keki bado nzima.

"Hapa una ishirini na sita," Fundi picha alisema. "Negativu ziko ishirini na saba. Namba moja sikuichapa. Haina mtu, ni mlango tu. Wateja wengi humalizia mkanda kwa kupiga ukuta, na hulalamika wakipewa picha za hivyo."

"Ichape."

Ilitoka ikiwa bado na uvuguvugu. Geti wazi, na nyuma ya geti, badala ya mbao za lifti, weusi mtupu. Kamera ilikuwa imeinama kidogo, kama mkono ulioshika umeshtuka. Inspekta alitaka kuiweka chini, halafu akaona. Chini kabisa ya picha, ndani ya ule weusi, mwanga wa kamera ulikuwa umenasa mstari mwembamba wa manjano, umejipinda hewani. Aliweka kioo cha kukuzia. Kwenye mstari ule palikuwa na namba.

Utepe wa kupimia.

Fundi picha alivua miwani ya puani. "Yule marehemu ndiye aliyekuwa..."

"Ndiye."

Saa tano kasoro robo walikuwa kiwandani. Inspekta alianza getini, kwa mlinzi na daftari lake. Baba Pacha: ametoka saa tano kasoro dakika kumi, amerudi saa saba kasoro dakika ishirini. Mlinzi aliapa kwamba ukumbi wa juu ulifunguliwa saa tano kamili, na kabla ya hapo hakupanda mtu.

"Keki je?"

"Ilikatwa saa sita juu ya alama, Afande. Niliitwa nikale, nikakataa kuacha lindo. Nililetewa kipande kama kiberiti."

Meneja aliwapokea ofisini, koti limefungwa vifungo vyote. Ubao wa funguo ulikuwa nyuma ya kiti chake.

"Jumamosi ufunguo wa lifti ulikuwa wapi?" Inspekta aliuliza.

"Nilishaandika maelezo."

"Niambie tena. Mimi msahaulifu."

"Hapo ubaoni. Sikuugusa."

Inspekta aliweka picha mbili juu ya meza, ubavu kwa ubavu. "Hii, geti limefungwa. Hii, geti liko wazi, na soda zimefika. Ipi ilitangulia?"

"Iliyo wazi. Baba Pacha alipandisha soda asubuhi akaacha geti hivyo."

"Nani kakwambia ilitangulia?"

"Wewe mwenyewe, Afande. Jumatatu."

"Jumatatu nilikosea. Iliyofungwa ndiyo ya kwanza, na ilipigwa baada ya saa tano, Baba Pacha akiwa ameshatoka. Iliyo wazi ilipigwa kabla ya saa sita, maana keki hii hapa, ina sukari yake yote. Baba Pacha alikuwa kwa seremala. Basi nani alipandisha soda?"

Meneja aliangalia dirishani. Sajenti alihamia mlangoni taratibu, kama mtu anayetafuta upepo.

"Watu thelathini na wawili walikuwa na kiu," Meneja alisema hatimaye, sauti imeshuka. "Soda ziko chini, na mwenye lifti nimemtuma mwenyewe. Ningefanyaje? Nilichukua ufunguo. Nikapandisha kreti sita, nikazishusha, nikarudisha ufunguo hapa. Zilibaki nne. Nikateremka kwa ngazi kuzifuata."

"Na geti?"

"Nilikuwa narudi sasa hivi."

"Umeliacha wazi. Halafu?"

"Nilipofika chini nilibonyeza lifti ishuke." Alifuta jasho la juu ya mdomo. "Ni lifti kongwe, Afande. Hata geti likiwa wazi inatembea. Nikaanza kupakia. Mkono ukachoka. Nikasema kreti sita zinatosha, nikapanda kwa ngazi kwenda kufunga geti. Nikalikuta limefungwa. Kufuli na kila kitu. Nikajua kuna mwenye akili amelifunga. Kufuli lile halihitaji ufunguo, unalibana tu."

"Ulimwona aliyelifunga?"

"Naapa sikumwona."

"Siku nne unamwangalia Baba Pacha akibeba mzigo wako."

"Ningesema nililiacha wazi, mngesema nimemuua."

"Sajenti atakuandika maelezo mapya. Safari hii sema ya kweli, uokoe karatasi."

Alipanda ghorofa ya tatu peke yake, na ganda tupu la kamera aliloomba studio. Ukumbi ulikuwa na vyerehani vya kufumia kingo na ile meza ndefu ya kukatia. Alichukua picha namba mbili, iliyotangulia ile ya mlango mtupu: mshonaji mmoja amesimama mbele ya geti, mikono kiunoni, nyuma yake mbao za lifti. Alitafuta mahali mpigaji aliposimama, akichungulia kwenye kitundu cha ganda, mpaka geti likakaa kama lilivyokaa pichani. Mgongo wake ulikuwa umegusa meza ya kukatia. Haikuwepo nafasi ya kurudi nyuma hata inchi moja. Na kamera ya kutupa haivuti mbali wala karibu. Anayetaka mtu aenee mzima pichani, naye hawezi kurudi nyuma, hana ila kumwomba anayepigwa arudi.

Mshonaji wa kwenye picha alikuwa kwenye cherehani cha tatu. Alinyanyua mguu kwenye pedali.

"Nani alikupiga hii?"

"Mzee wetu wa Stoo. Alituita mmoja mmoja, wanawake wote watano wa mstari huu. Alisema anataka kumbukumbu ya kila mtu, si ya kundi." Mwanamke alitabasamu kwa huzuni. "Mama Kipimo alisema yeye awe wa mwisho, kwanza apake poda. Sijui kama zamu yake ilifika."

"Mbona hamkunieleza?"

"Uliuliza kama tumemwona Baba Pacha getini, Afande. Hatukumwona, tukasema hatukumwona."

Inspekta alizipitia picha akiwa bado amesimama pale. Mzee wa Stoo alikuwa kwenye karibu kila picha, anacheka, anapeana mikono, ameshikishwa maputo. Tangu namba sita kuteremka hadi namba moja hakuonekana tena. Alikuwa nyuma ya kamera.

Nyumba ya mzee ilikuwa mwisho wa mtaa wenye mfereji. Mkewe aliwafungulia yeye na Sajenti, akawakaribisha, akanong'ona kabla hawajaingia.

"Niangalizieni mume wangu. Hali chakula. Na kile kiti walichompa hataki hata kukikalia."

Kiti cha kupumzikia kilikuwa katikati ya chumba, bado kimevikwa nailoni ya seremala. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa uani, mikono imelala magotini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Inspekta aliiweka picha ya mlango mtupu juu ya goti la mzee.

Mzee aliitazama. Kisha akaifunika kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Mama watoto," aliita bila kugeuka, "tuchemshie chai."

Mkewe alielewa kwamba anaombwa atoke. Alitoka.

"Alikuwa na viatu vipya," mzee alisema. "Alitaka vitokee. Kwenye kile kitundu nilikuwa namwona mpaka magotini tu. Nikamwambia rudi nyuma kidogo. Akarudi hatua moja. Nikamwambia bado. Akarudi ya pili. Nikabonyeza."

"Halafu?"

"Halafu hakuwepo."

Sajenti aliacha kuandika.

"Lifti ilikuwa pale," mzee aliendelea. "Wale wengine wote niliwapiga ikiwa pale. Sikuisikia ikiondoka, muziki ulikuwa juu. Na yeye hakupiga kelele, au alipiga nikasikia ni vigelegele. Nikasogea nikachungulia. Nikamwona. Na nyuma yangu wananiita, mzee, keki, mzee, njoo ukate keki. Mkono wangu ukavuta geti, ukabana kufuli. Miaka thelathini stoo, Afande. Mlango wazi siwezi kuuacha. Nikaenda. Nikakata keki."

"Ukamlisha nani?"

"Wote. Mmoja mmoja."

Maji yalianza kuchemka jikoni.

"Nilisema nitawaambia wakimaliza kula. Halafu nikasema wakimaliza hotuba. Halafu Baba Pacha akafungua geti yeye, akapiga ukelele, na neno langu likawa limechelewa. Kila saa iliyopita lilizidi kuchelewa." Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Daktari amesema nini? Ningepiga kelele pale pale..."

Inspekta alikuwa na ripoti ndani ya mkoba. Alikuwa ameisoma mara mbili.

"Alivunjika shingo. Alikufa papo hapo. Kelele zako zisingemrudisha." Alisimama. "Zingemzuia mtu mwingine asilale rumande usiku nne."

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Aliomba dakika moja aingie chumbani. Akatoka na mfuko wa plastiki, akazungumza na mkewe jikoni maneno machache. Kilisikika kikombe kikianguka. Hawakungoja chai.

Garini Inspekta alimpigia simu mwendesha mashtaka. Alisema aliyoyasema mara moja, bila kujitetea: ushahidi wa picha ulisomwa kinyume, kosa ni langu, shauri la saa nane liondolewe, maelezo mapya mawili yanakuja. Kutoka upande wa pili alifokewa, akashika simu mbali kidogo na sikio mpaka ikaisha.

"Ninaomba jambo moja," mzee alisema kutoka kiti cha nyuma. "Baba Pacha nimwambie mimi. Asiambiwe na askari."

Saa saba na dakika ishirini waliingia kituoni. Askari wa zamu aliukagua mfuko wa mzee. Ndani mlikuwa na koti la kahawia, limekunjwa vizuri. Akaurudisha. Inspekta mwenyewe alifungua mlango wa mahabusu.

Baba Pacha alisimama akiegemea ukuta. Alikuwa na shati la mikono mifupi aliloingia nalo Jumamosi. Alipomwona mzee, uso wake ulifunguka kwa furaha.

"Mzee wangu! Umekuja kuniona."

"Ni mimi," mzee alisema. "Nilikuwa nampiga picha. Nilimwambia arudi nyuma. Geti nililifunga mimi."

Furaha ilibaki usoni mwa Baba Pacha kitambo kidogo, kama taa ambayo mtu amesahau kuizima, kisha ikaondoka.

"Ulikuwepo waliponitia pingu," alisema.

"Nilikuwepo."

"Nilikupa koti langu unishikie."

"Nimelileta."

Mzee alilitoa mfukoni, akalinyoosha kwa mikono miwili. Baba Pacha alilipokea. Alilikung'uta, akalitazama, wala hakulivaa. Alipita mlangoni mpaka alipokuwa nje, kwenye korido, na mzee ndani. Inspekta aliweka mkono karibu na mkanda wake, asijue litakalofuata.

Baba Pacha aligeuka. Alimvika mzee lile koti mabegani, akalivuta kola likae sawa.

"Sakafu ya humu ina baridi," alisema. "Utalihitaji."

Kisha akauliza njia ya kutokea iko wapi.